Nani Anamlipia Bibi?



Mwaka ule darasa letu la kipaimara hapa Kyavinyonge lilianza na watoto 38. Kufikia juma la sita walikuwa 37. Katika kijiji cha wavuvi jambo hilo halimshtui mtu: wavulana hukesha ziwani na nyavu za baba zao, wasichana huwahi ufukoni alfajiri kupokea samaki, na somo la alasiri huwakuta wamelala. Lakini aliyekosekana alikuwa binti wa miaka 15 aliyezoea kukaa benchi la mbele na kujibu maswali kabla hatujamaliza kuyauliza. Tulipowauliza wenzake walitazamana. Mmoja akasema, «Mwalimu, yule ameacha na shule pia.»

Tulikwenda kwao Jumamosi. Nyumba ni ya udongo na mabati, haiko mbali na maji, na uani tulimkuta binti akianika mashuka. Ndani alilala bibi yake, mwenye umri wa zaidi ya miaka 70, upande mmoja wa mwili ukiwa umelemaa. Mjukuu ndiye anayemgeuza usiku, anayemwogesha, anayemvisha, anayemlisha uji kwa kijiko, anayemtoa nje asubuhi apate jua na kumrudisha ndani adhuhuri. Maji huyachota ziwani, na ninyi wa huku mnajua kwamba kuchota maji ziwani kunataka macho mawili kwa ndoo na mengine mawili kwa kiboko. Mama mzazi wa binti huchuuza samaki wa chumvi hadi Butembo na hurudi mara moja kwa juma. Hakuna mwingine.

Tulikuwa tumejiandaa kumwonya binti kwa upole. Bibi alitutangulia. «Mwalimu, msimkemee mtoto. Mimi ndiye kamba iliyomfunga.»

Hatukupata la kujibu. Basi akamtuma mjukuu alete sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda.

Ndani ya sanduku lile mlikuwa na kofia ya kijeshi iliyoliwa na nondo, picha ya kijana mwembamba aliyesimama wima kama mti wa mnazi, vipande vya hati za mshahara, na karatasi mbili zenye namba mbili tofauti za jeshi. Mume wake aliingia katika jeshi la taifa mwaka 1970. Alikuwa Shaba katika vita vya mwaka 1977, na tena mwaka 1978 vita vilipofika Kolwezi. Jeshi lile liliposambaratika mwaka 1997 alirudi nyumbani kwa miguu, bila barua ya kuachishwa na bila senti. Majeshi ya nchi yalipounganishwa baada ya mwaka 2003 aliandikwa upya, akapewa namba mpya, na ile miaka 27 ya kwanza ikabaki kwenye namba ya zamani ambayo hakuna aliyeitafuta tena. Alikufa mwaka 2011 akiwa bado kwenye orodha ya mishahara, kwa maana hakuna aliyewahi kumstaafisha. Mshahara ulikuja miezi michache, kisha ukakatika. Mjane aliombwa aondoke katika nyumba ya kambi. Alifunga sanduku, akateremka Kyavinyonge kwa kaka yake.

Chini kabisa ya sanduku kulikuwa na karatasi ya tatu, iliyokunjwa ndani ya plastiki. Ilikuwa cheti cha ndoa ya kanisani cha mwaka 1999. Tuliufunua, tukautambua mwandiko. Ulikuwa wetu.

Inafaa tueleze, maana sehemu ya habari hii inatuhusu sisi zaidi kuliko serikali. Mwaka 1999 tulikuwa katekista kijana, tumetoka kusomea ualimu, tumejaa bidii ya kuwafikisha altareni wazee waliokuwa wakiishi pamoja kwa mila tu. Wawili hawa walikuwa wameoana kwa mbuzi tangu zamani na kuzaa watoto sita. Tuliwafundisha miezi mitatu. Katika somo la mwisho yule mzee aliinua mkono, kwa adabu ya askari, akauliza kama ilikuwa lazima wapite pia kwenye ofisi ya serikali inayoandika ndoa. Tulimjibu kwamba hilo lingeweza kungoja, kwamba cheti cha Kanisa kilikuwa kikubwa kupita vyote. Watu walicheka kwa furaha. Ofisi ilikuwa mbali, nchi ilikuwa vitani, na pesa ya karatasi ingenunua sukari ya sherehe. Tulikuwa na sababu zote. Hata hivyo jibu lilikuwa baya, na aliyelitoa ni sisi.

Maana Sheria ya Familia ya nchi yetu, ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inasema wazi: waliooana kwa mila wanapaswa kwenda kuiandikisha ndoa yao kwa ofisa wa serikali katika muda wa mwezi mmoja. Sakramenti inawafunga mbele ya Mungu. Haiwaandiki katika daftari la dola. Na sheria ya mwaka 2013 kuhusu hadhi ya mwanajeshi inatambua kwamba anapokufa askari, mjane na yatima wake wana haki ya malipo. Kwa hiyo haki ipo. Kinachokosekana ni karatasi ya kuthibitisha kwamba mjane ni mjane. Bibi alikuwa amekwenda mara tatu kuuliza, wakati miguu yake ingali mizima. Mara ya tatu mtu mmoja nyuma ya meza, katika ofisi ambayo hatutaitaja, alimwambia kwamba mbele ya serikali yeye hakuwahi kuwa mke wa mtu. Alitusimulia hilo bila hasira. Halafu akaongeza kwamba tangu siku hiyo hakwenda tena, kwa sababu aliona aibu kupita mbele ya watu.

Usiku ule tulijiuliza swali moja, nalo ndilo tulilotaka kuwaandikia ninyi vijana. Watu husema kwamba mjane huyu halipwi pensheni. Si kweli. Pensheni yake inalipwa kila siku, kwa ukamilifu, bila kuchelewa hata asubuhi moja. Anayelipa ni msichana wa miaka 15, na sarafu anayolipia ni daftari zake za shule.

Hesabu hiyo huonekana vizuri zaidi mtu akitazama nchi ambako kazi ya binti yule imepewa jina na bei. Marekani wapo wazee wengi waliowahi kuwa askari, na zipo nyumba ambamo mzee huwa na chumba chake, akasaidiwa kuoga, kumeza dawa na kula. Kukaa humo hugharimu maelfu ya dola kwa mwezi. Askari wa zamani mwenye kipato kidogo, aliyehudumu wakati wa vita, hupewa pensheni na taifa lake. Ikithibitika kwamba anahitaji mtu wa kumsaidia katika mambo ya kila siku, pensheni hiyo huongezwa ili aweze kumlipa msaidizi, au kulipia nyumba ya aina ile. Mwenzi wake aliyebaki hai naye anastahili, kwa kiwango chake. Si lazima askari awe alijeruhiwa. Kilichotugusa katika sheria hiyo ni maneno yake: inataja kuoga, inataja kuvaa, inataja kula. Watunga sheria wa taifa kubwa waliketi wakaandika kazi zile zile tulizomkuta binti akizifanya uani, wakakubali kwamba ni kazi, na kwamba ni sehemu ya gharama ya vita. Hata huko, tusidanganyane, mjane huombwa cheti cha ndoa na hati ya mume ya kutoka jeshini, na wapo wanaokufa bila kudai kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Wala tusidhani kwamba askari wa huku kwetu ni askari wa jana. Watu wa Kongo walipigana vita vya wengine kabla hawajawa na nchi ya kuiita yao. Tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Kongo la Wabelgiji liliingia Tabora, na nyuma ya bunduki zake walitembea wapagazi zaidi ya 200,000, wengi wao wakitoka huku mashariki. Hakuna aliyewahesabu vizuri walipokufa. Mwaka 1941 askari wa Kongo walipanda milima ya Ethiopia wakapokea silaha za Waitalia kule Saïo. Wengine walifika hadi Burma. Mmoja wa hao wa Burma, mzee Albert Kunyuku, alikuwa na miaka 100 mfalme wa Ubelgiji alipomvika nishani mjini Kinshasa mwezi Juni 2022. Tulilifurahia jambo hilo, tulilifurahia kweli. Ila ilibidi mtu aishi karne nzima ndipo akumbukwe.

Kuhusu karatasi, iko habari inayosimuliwa ya Mwanza. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari Waafrika waliopigana chini ya Wajerumani katika Afrika Mashariki, miaka karibu 50 baada ya vita. Mhasibu alitumwa, akafungua meza yake Mwanza, na wazee yapata 350 wakaja. Wachache walikuwa na vyeti. Wengine walileta vipande vya sare, wengine hawakuwa na kitu ila maneno yao. Mhasibu, kwa mujibu wa simulizi, alichukua fagio, akamkabidhi kila mzee kwa zamu yake, akaanza kutoa amri za gwaride kwa Kijerumani: inua, bega kulia, shusha. Inasemekana hakuna hata mmoja aliyeshindwa. Tunaipenda habari hii kwa sababu ya yule mhasibu. Angeweza kufunga daftari saa nne asubuhi na kusema kwamba hati hazikukamilika, na hakuna bosi ambaye angemlaumu.

Karibu zaidi, upande wa pili wa ziwa hili, katika wilaya ya Kasese, wanaishi ndugu zetu Wakonzo, ambao lugha yao na Kinande chetu husikilizana bila mkalimani. Huko Uganda mzee aliyefikisha miaka 80 anastahili shilingi 25,000 za nchi ile kila mwezi, hata kama hakuwahi kuajiriwa na maisha yake yote yalikuwa jembe na nyavu. Ni pesa kidogo, kama dola 7. Lakini mwanamke mmoja wa shirika letu, ambaye dada ya mama yake anaishi ng'ambo, alituambia kwamba siku ya malipo watu humtembelea yule mzee ambaye miezi mingine walimsahau, na kwamba yeye mwenyewe huitumia pesa hiyo kumpa kitu kidogo jirani anayemfulia. Nako pia kuna walionyimwa kwa sababu kitambulisho kiliandika umri usio wao. Karatasi, kila mahali karatasi! Sisi wa upande huu hatuna mpango wa namna hiyo kwa mzee wa kawaida. Hata walimu wenzetu wengi hushika chaki wakiwa na miaka 70 na zaidi, kwa kuwa walimfahamu mwenzao aliyeacha kazi na kuacha chakula siku hiyo hiyo. Mfuko wa hifadhi kwa watumishi wa serikali uliundwa mwaka 2015, na ni jambo jema. Lakini shimo lililochimbwa kwa miaka 50 halijazwi kwa miaka 10.

Mnakumbuka kutoka somo la Matendo ya Mitume kwamba ugomvi wa kwanza ulioandikwa ndani ya Kanisa changa haukuwa juu ya mafundisho. Ulikuwa juu ya wajane waliosahauliwa katika mgao wa kila siku, nao walikuwa wajane wa watu wa lugha nyingine. Mitume hawakuwaambia wajane wavumilie. Waliagiza wachaguliwe watu saba, wakawapa kazi hiyo kwa majina yao. Tumelifundisha somo hilo kwa miaka mingi, na kwa miaka mingi tumekuwa tukiliharakisha ili tufike kwa Stefano na mawe.

Basi turudi kwenye sanduku. Paroko alitusikiliza, akatupa nakala kutoka daftari la ndoa la parokia. Mwanasheria mmoja mwamini, aliyetusaidia bila malipo, alitueleza kwamba pale ambapo ndoa haikuandikwa, mahakama inaweza kutoa hukumu inayochukua nafasi ya cheti, ikiwa wapo mashahidi. Kutoka Kyavinyonge kupanda hadi Kyondo na kuendelea Butembo ni safari ya kona na mawe, na siku hizi mtu huuliza kwanza habari za njia kabla hajauliza nauli. Bibi hakuweza kusafiri. Mashahidi walikuwa wawili: kaka yake, na mvuvi mzee ambaye tulikuwa hatumtegemei sana kwa sababu husahau hata majina ya wajukuu zake.

Aliulizwa na mahakama kama alikuwapo siku ya mahari. Akasema alikuwapo. Aliulizwa anajuaje kwamba mahari ilitolewa. Yule mzee alikaa kimya hadi tukaanza kuona haya kwa niaba yake, kisha akaanza kuwahesabu mbuzi. Hakusema walikuwa wangapi. Aliwaita mmoja mmoja. Yule mweusi wa baba mkwe. Yule mwenye sikio lililokatwa, aliyekataliwa na kubadilishwa. Jike lenye mimba, ambalo lilizaa njiani likaleta ubishi kama ni mbuzi mmoja au wawili. Alipofika wa kumi na mbili karani alikuwa ameacha kutabasamu na alikuwa anaandika kwa haraka. Siku ile tulikumbuka fagio la Mwanza.

Hukumu ilitoka. Kwa hukumu hiyo tulipata cheti, na kwa cheti hicho faili lilikamilika: cheti cha kifo, vyeti vya watoto, barua ya kikosi, karatasi ya namba ya pili. Ile namba ya kwanza, ya miaka 27, tuliiambatanisha pamoja na maelezo, ingawa tulionywa kwamba itachelewesha. Bibi alikataa iachwe. «Shaba alikwenda nani?» alituuliza. Faili lilipelekwa kunakohusika, nasi tukabaki na nakala yenye mhuri.

Wakati huohuo vijana wa parokia walifanya jambo ambalo hatukuwaagiza. Tulikuwa tumewaeleza tu kwa nini mwenzao hayupo. Jumapili iliyofuata walileta karatasi ya zamu, yenye mistari iliyopigwa kwa rula. Wasichana wawili wa kumwogesha Jumatatu na Alhamisi. Wavulana wa maji kila siku kabla ya shule, wakienda kwa kundi kwa ajili ya kiboko. Mama mmoja wa shirika wa kukaa naye mchana, naye akipewa samaki na kila mtumbwi uliojitolea. Mwanzoni zilikuwepo kasoro. Wavulana walisahau siku za minada. Msichana mmoja aliona haya kumwogesha mtu mzima, akalia, nasi tukamweka kwenye zamu ya kupika. Bibi naye si malaika, husema uji wa fulani una mabonge. Lakini binti alirudi darasani, akiwa amepoteza muhula mmoja na nusu, na alipokea kipaimara mwaka uliofuata.

Tangu hapo hatumalizi maandalizi ya ndoa bila kwenda sisi wenyewe na wachumba hadi kwenye ofisi ya serikali. Wengine hunung'unika kwamba tunachanganya mambo ya Mungu na ya Kaisari. Na tumewaomba ninyi vijana, mnaojua kusoma na wenye simu zinazopiga picha, kwamba kila mmoja aketi jioni moja na babu au bibi yake, wafungue sanduku pamoja, waone ndani yake kuna nini na kunakosekana nini, mzee angali na kumbukumbu ya kuhesabu mbuzi. Hadi sasa vijana 11 wameleta orodha. Katika nyumba mbili zimepatikana namba za jeshi ambazo hakuna aliyejua zipo.

Kila Alhamisi, zamu ya kuogesha inapokwisha, bibi hututuma mtu. Swali lake ni lile lile: je, karatasi imerudi? Nasi hujibu kwamba bado. Juzi alitaka kuona ile nakala yenye mhuri. Alimwambia mjukuu amsomee mstari mmoja tu, ule unaosema yeye ni mke wa nani, akamrudisha tena mwanzo wa mstari, akamsomea mara ya pili.